Kura Iliyotufundisha Kutibu Korona

Tarehe 16 Juni 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walitangaza kwamba imepatikana dawa ya kwanza iliyothibitika kupunguza vifo vya wagonjwa walioelemewa na Korona, na kwamba dawa hiyo ni deksamethasoni. Kwa sisi tunaofanya kazi katika maduka ya dawa, jina hilo halikuwa geni. Ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na kupunguza nguvu za kinga ya mwili, ya miaka ya 1950, haimilikiwi na kampuni moja, na imekaa kwenye rafu zetu miaka yote kwa ajili ya pumu iliyozidi, mzio mkali, uvimbe wa ubongo na maradhi ya viungo. Dunia nzima ilikuwa imekodolea macho maabara kubwa ikingoja dawa mpya, na jibu la kwanza likatoka katika kichupa ambacho hospitali za kaunti na za wilaya huku kwetu hukinunua kwa fedha kidogo.

Tangu wakati huo nimekuwa nikisoma tafiti za Korona kadiri zinavyotoka, na kila nikirudi kwenye tangazo lile, kinachonishika zaidi ni namna dawa ile ilivyojulikana. Ilijulikana kwa kura, yaani kwa kuwagawa wagonjwa katika makundi kwa bahati nasibu, na kura hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza kwa kirefu, kwa sababu naona wengi wetu tulisikia majina ya dawa bila kusikia jinsi zilivyopimwa.

Jaribio lenyewe liliitwa RECOVERY, likaongozwa na Profesa Peter Horby na Profesa Martin Landray. Mpango wake uliandikwa mwanzoni mwa Machi 2020, na mgonjwa wa kwanza akaandikishwa tarehe 19 ya mwezi huohuo. Aliyewahi kuona majaribio ya dawa yanavyoandaliwa atajua kwamba matayarisho ya namna hiyo kwa kawaida hula miezi mingi. Wepesi ule ulitokana na usahili wa jaribio. Hospitali 176 zilishiriki, zikiwemo za kawaida kabisa za mikoani. Daktari au muuguzi alipata ridhaa ya mgonjwa, akajaza fomu fupi kwenye kompyuta, kisha kompyuta ikampangia mgonjwa yule, bila upendeleo wa mtu yeyote, ama matibabu ya kawaida peke yake ama matibabu ya kawaida pamoja na mojawapo ya dawa zilizokuwa zikichunguzwa. Baada ya siku 28 swali kubwa likawa moja tu: mgonjwa yu hai au amefariki?

Nimewasikia watu wakisema ni ukatili kumwachia mgonjwa bahati, na hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima. Daktari akiachiwa achague mwenyewe nani apewe dawa mpya, atachagua kwa sababu fulani, na sababu hiyo ndiyo itakayoharibu jibu. Pengine atawapa walio hoi kabisa, kwa kuwa ameona mengine yote yameshindikana, halafu dawa nzuri ionekane inaua; au atawapa vijana wenye nguvu, halafu dawa isiyo na faida yoyote ionekane inaponya. Wengi wa wagonjwa wa Korona hupona wenyewe, kwa hiyo chochote utakachowapa kitapata wa kukisifia. Kura huwagawa wazee na vijana, wenye kisukari na wasio nacho, waliowahi hospitali na waliochelewa, katika makundi yanayokaribiana, na hugawa vilevile mambo ambayo daktari hayajui wala hana chombo cha kuyapimia. Makundi yakiwa makubwa ya kutosha, kinachobaki kuyatofautisha ni dawa. Tena mwezi ule wa Machi hakuna daktari duniani aliyejua dawa ipi ingesaidia, kwa hiyo mgonjwa aliyepangiwa matibabu ya kawaida hakunyimwa kitu kilichojulikana kuwa na manufaa.

Haidroksiklorokwini inaonyesha yanayotokea hatua hiyo inaporukwa. Mwezi huohuo wa Machi, Profesa Didier Raoult na wenzake wa Marseille, Ufaransa, walichapisha utafiti mdogo uliodai kwamba dawa hiyo, ambayo ni ndugu wa klorokwini, huondoa kirusi mwilini kwa haraka. Ukiisoma makala yenyewe unakuta kwamba walioanzishiwa dawa walikuwa 26, lakini waliohesabiwa mwishoni ni 20. Sita waliachwa nje ya hesabu: watatu walihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi, mmoja alifariki, mmoja aliondoka hospitali, na mmoja aliacha dawa kwa sababu ya kichefuchefu. Maana yake ni kwamba wale ambao hali zao ziliharibika wakiwa kwenye dawa hawakuonekana katika jibu. Kundi la kulinganisha lilikuwa la watu 16, baadhi yao wakiwa wagonjwa wa hospitali nyingine, na hapakupigwa kura yoyote. Jarida lililoichapisha makala hiyo liliiondoa rasmi mwezi Desemba 2024, wakati habari yake ilikuwa imeshaizunguka dunia miaka minne na zaidi.

Ilifika mpaka kwenye kaunta yetu Mombasa. Klorokwini iliacha kuwa dawa ya kwanza kutolewa kwa malaria nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1990, na Tanzania nayo iliiacha mwaka 2001, lakini watu wa makamo na wazee wa Pwani wanaikumbuka vizuri, kwa uchungu wake mdomoni na kwa ule muwasho wa mwili uliowakosesha wengi usingizi. Katika Ramadhani ya mwaka 2020, siku chache kabla Mji wa Kale haujafungwa kwa amri ya serikali, alikuja mzee mmoja aliyezoea kununua kwetu dawa zake za presha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo sikuja kwa presha. Nataka ile dawa ya malaria ya zamani, inayotibu Korona."

"Mzee wangu, hiyo siku hizi hatuiweki. Na kama inatibu Korona, bado haijajulikana."

"Rais wa Marekani ameitaja mbele ya watu, nawe wasema haijajulikana?"

Nilimweleza kwamba majaribio yanaendelea na kwamba dawa hiyo inaweza kuusumbua moyo, hasa moyo wa mtu mwenye presha na dawa nyingine za kumeza. Aliondoka bila kuridhika, nami sikumlaumu hata kidogo. Alikuwa na hofu, watoto wake walikuwa mbali, na mtu mwenye mamlaka kuliko mimi alikuwa amempa jina la dawa. Wakati huohuo wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, na wa baridi yabisi katika nchi nyingi, ambao haidroksiklorokwini ni dawa yao halisi, walikuwa wakizunguka madukani wasiipate.

Tarehe 5 Juni 2020 RECOVERY ikatoa jibu. Katika hesabu kamili iliyochapishwa baadaye, kati ya wagonjwa 1,561 waliopangiwa haidroksiklorokwini, walikuwa wamefariki asilimia 27 ndani ya siku 28. Katika wagonjwa 3,155 waliopata matibabu ya kawaida, asilimia 25. Hapakuwa na faida. Siku kumi baadaye mamlaka ya dawa ya Marekani ikafuta kibali cha dharura cha kuitumia dawa hiyo ilichokuwa imekitoa mwezi Machi. Swali lililowagombanisha madaktari, wanasiasa na familia kwa muda wa miezi mitatu lilijibiwa na wagonjwa waliokubali kupangwa kwa kura wakiwa vitandani, tena wengine wakiwa hawawezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi. Mimi huwaona watu hao kuwa wametufanyia hisani kubwa kuliko mtu mwingine yeyote katika habari hii.

Ya deksamethasoni yakafuata baada ya siku kumi na moja, na hapa namba zenyewe zinastahili kusomwa polepole. Waliopewa walikuwa 2,104 na wasiopewa 4,321. Dozi ilikuwa miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi kumi. Kati ya waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, walifariki asilimia 29.3 ya waliopewa dawa, na asilimia 41.4 ya wasiopewa. Kati ya waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine, asilimia 23.3 kwa 26.2. Lakini kati ya wale ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa, walifariki asilimia 17.8 ya waliopewa dawa na asilimia 14.0 ya wasiopewa. Tofauti hiyo ya mwisho si kubwa kiasi cha kuthibitisha kwamba dawa iliwadhuru, ila inatosha kabisa kumzuia mtu mwenye akili asiwape. Dawa ileile, dozi ileile, ugonjwa uleule, na jibu linabadilika kulingana na hali ya mapafu ya mgonjwa siku anapoanzishiwa.

Sababu yake imeeleweka vizuri tangu hapo. Katika siku za mwanzo kirusi kinajizalisha kwa kasi puani, kooni na katika mapafu, na kinga ya mwili ndiyo silaha pekee iliyopo; deksamethasoni huipunguza nguvu kinga hiyo, kwa hiyo ukiitoa mapema unamnyang'anya mgonjwa silaha yake. Kwa wachache, kuelekea wiki ya pili, mambo hugeuka. Kirusi kinapungua, lakini kinga haijui kukoma. Seli zake na kemikali zake zinaendelea kumiminika katika mapafu, vifuko vidogo vya hewa vinajaa majimaji, damu inaanza kuganda katika mishipa midogo, na oksijeni inashindwa kupita. Wakati huo kinachomuua mgonjwa kwa sehemu kubwa ni uvimbe wa mapafu unaotokana na mwili wake wenyewe, na steroidi ndiyo hasa inayoutuliza.

Jambo hili lilitupa kazi nzito madukani. Habari ya Oxford ilipotangazwa redioni, watu walisikia kwamba dawa imepatikana. Hawakusikia habari ya oksijeni. Siku zilizofuata walikuja waliotaka vidonge vya deksamethasoni wavimeze nyumbani kama kinga, na wengine waliokuwa na kikohozi cha siku mbili. Tayari dawa hii ina historia mbaya katika sehemu nyingi za Afrika, ambako huuzwa kichinichini kwa wanaotaka kunenepa, na anayeitumia kiholela kwa muda mrefu hupandwa na sukari na presha, hudhoofika mifupa, huamsha kifua kikuu kilicholala, na akiiacha ghafla anaweza kuanguka kwa sababu tezi zake zimesahau kutengeneza homoni inayohitajika. Tuliwakatalia. Wapo walioudhika wakaenda kwingine.

Kisha RECOVERY ikauliza swali ambalo mteja yeyote angeuliza: ikiwa kidogo kimefaa, je, kingi? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalihusu wagonjwa 1,272 waliokuwa na upungufu wa oksijeni ila hawajafikia hatua ya mashine. Waliopewa dozi kubwa walifariki asilimia 19. Waliobaki na matibabu ya kawaida, ambayo kwa wengi wao yalikuwa ile dozi ndogo, walifariki asilimia 12. Tofauti hiyo ni ya watu saba katika kila mia, na bila kura hakuna ambaye angeiona, kwa sababu daktari anayeongeza dozi huiongeza kwa mgonjwa anayezidiwa, na mgonjwa anayezidiwa akifa hakuna anayeishuku dozi.

Dawa nyingine zilipita katika mlango huohuo. Damu ya waliopona, yaani yale majimaji yake yenye kingamwili, chembe ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi, ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 11,000 na vifo vikawa asilimia 24 kwa makundi yote mawili. Tosilizumabu, dawa ya baridi yabisi, ilionekana kupunguza vifo kutoka asilimia 35 hadi 31, ila bei yake ni ya juu mno kwa hospitali nyingi za kwetu. Ivamektini, ambayo Waafrika wa Mashariki wanaifahamu kwa heshima kwa sababu ya matende na usubi, ilijaribiwa nchini Brazili kwa wagonjwa 1,358 na haikuzuia watu kulazwa. Kuhusu kujifukiza, siwabezi waliofanya hivyo. Mvuke ulifungua pua na kutuliza vifua vya wengi, na katika siku za hofu kubwa hata utulivu huo ulikuwa na thamani. Lakini nafuu ya pua haitwambii kama mtu ameepushwa na kifo, na ushuhuda wa aliyepona hautoshi pale ambapo wengi hupona bila kitu.

Sasa narudi kwenye oksijeni, kwa kuwa matokeo yote ya deksamethasoni yamesimama juu yake. Kumwambia daktari ampe dawa mgonjwa anayehitaji oksijeni ni kudhani kwamba anaweza kujua nani anaihitaji, na kwamba akijua ataipata. Mambo yote mawili yalikuwa magumu.

Tuanze na kujua. Mgonjwa wa Korona aliweza kukaa kitandani akiongea na simu huku oksijeni ya damu yake ikiwa imeshuka kiasi cha kutisha, kwa hiyo macho peke yake hayakutosha. Kilichotegemewa ni kile kibanio kidogo kinachovaliwa kidoleni, ambacho hupitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana kupitia nyama ya kidole, kikapima kiasi gani kinafyonzwa na damu, kisha kikaonyesha namba. Mwezi Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha ulinganisho wa namba hizo na vipimo vya damu halisi kutoka mishipa ya ateri ya wagonjwa walewale. Pale kibanio kilipoonyesha asilimia 92 hadi 96, namba inayomfanya muuguzi apumue kwa utulivu, damu yenyewe ilikuwa chini ya asilimia 88 kwa wagonjwa weusi 11.7 katika kila mia, ikilinganishwa na wagonjwa weupe 3.6. Rangi ya ngozi huingilia mwanga, na vifaa vile vilipokuwa vikisahihishwa viwandani, watu wenye ngozi nyeusi waliopimiwa walikuwa wachache. Nilipoisoma makala ile nilikasirika, na sijaacha kukasirika. Kibanio hicho ndicho tulichokuwa tukiwauzia watu wakampime mama au baba nyumbani, na karatasi yake ya maelezo haikuwa na neno hata moja kuhusu hilo. Ninayemuuzia sasa namwambia atazame mwenendo wa namba kuliko namba moja, na kwamba mgonjwa anayehema haraka apelekwe hospitali hata kibanio kikisema yuko salama.

Halafu kupata. Utafiti uliofanywa katika hospitali 64 za nchi kumi za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, na kuchapishwa Mei 2021, ulifuatilia zaidi ya wagonjwa 3,000 wa Korona waliolazwa katika vyumba vya mahututi au vinavyokaribiana navyo. Waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 48.2, wakati wastani wa kimataifa ulikuwa asilimia 31.5. Waliofanya utafiti waliutaja wazi upungufu wa vifaa na wataalamu kuwa sehemu ya sababu. Dawa ya bei nafuu ilikuwepo, ila mtungi uliisha usiku, au mita ya kudhibiti mtiririko ilikuwa imevunjika, au muuguzi mmoja alikuwa na wagonjwa kumi.

Zipo tafiti za kwetu zilizotusaidia kuuelewa ugonjwa wenyewe, na mojawapo naiona bora kuliko nyingi zilizopata sifa. Kufikia mwisho wa Julai 2020 Kenya ilikuwa imetangaza wagonjwa takriban 20,000 na vifo 341. Watu walijiuliza kama kirusi kimekataa kuenea au kama hatuhesabu sawasawa. Watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, walichukua mabaki ya damu iliyotolewa na wachangiaji wa kawaida sehemu mbalimbali za nchi, sampuli 3,098 za kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wakatafuta ndani yake kingamwili za Korona. Ili wasidanganywe na kipimo, kwanza walikijaribu kwa damu ya watu wa Pwani iliyohifadhiwa tangu kabla ya ugonjwa kuzuka, maana damu hiyo isingeweza kuwa na kingamwili halisi. Matokeo yakawa asilimia 4.3 kwa nchi nzima, na asilimia 8 kwa Mombasa. Ukikumbuka kwamba sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 47, unaona mara moja kwamba walioambukizwa huenda walizidi milioni moja huku orodha rasmi ikiwa bado na watu elfu chache tu. Waliporudia kwa damu ya Januari hadi Machi 2021, kiwango kilikuwa asilimia 48.5.

Idadi ndogo ya vifo, basi, haikutokana na kirusi kutotufikia. Kwa sehemu ilitokana na umri: Wakenya wenye miaka 65 na zaidi hawafiki asilimia 4, na Korona huua zaidi wazee. Kwa sehemu nyingine ilitokana na vifo visivyoandikwa. Nawaheshimu sana watafiti wale wa Kilifi kwa sababu hawakungoja vifaa vya kupima ambavyo nchi haikuwa navyo. Walitazama mfuko wa damu ambao ungetumika vyovyote, wakaona kwamba ndani yake mlikuwa na jibu la swali la taifa zima.

Kuhusu chanjo nitasema machache, kwa kuwa zimeandikiwa mengi. Jaribio la Pfizer na BioNTech liliwagawa kwa kura watu zaidi ya 43,000, nusu wakidungwa chanjo na nusu maji ya chumvi, na wenyewe hawakujua wamepata ipi. Watu 170 waliugua baada ya dozi ya pili: 162 waliodungwa maji ya chumvi, 8 waliodungwa chanjo. Teknolojia iliyoiwezesha ilitokana na kazi ya Katalin Karikó na Drew Weissman iliyochapishwa mwaka 2005, walioonyesha jinsi ya kubadili herufi moja ya molekuli ya RNA, ile inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, ili mwili usiishambulie, na waliotunukiwa Nobeli mwaka 2023. Kinga hiyo dhidi ya maambukizi ilipungua kadiri miezi ilivyopita na kirusi kilivyobadilika, hasa tangu wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walipoitambua aina mpya ya kirusi iitwayo Omicron mwezi Novemba 2021, ingawa kinga dhidi ya ugonjwa mkali ilidumu zaidi. Yanayonisumbua mpaka leo ni madhara ya muda mrefu, uchovu na ukungu wa akili unaowashika watu miezi mingi baada ya kupona. Chuo Kikuu cha Stanford kilijaribu kuwapa wagonjwa 155 wa hali hiyo dawa ya Paxlovid, inayozuia kirusi cha Korona kujizalisha, kwa siku 15, na matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha kwamba haikuwasaidia. Wateja wa aina hiyo ninao, na mpaka sasa hakuna dawa niliyo na haki ya kuwapa kwa jina la sayansi.

Baada ya deksamethasoni kuthibitika, madaktari wa Kenya walikuwa na sababu ya kuuliza swali lililo karibu zaidi na wadi zao: ikiwa steroidi inaokoa mapafu yaliyovimba kwa Korona, je, mapafu yaliyovimba kwa nimonia ya kawaida? Nimonia ilikuwepo kabla ya Korona na ingali inaua watu wazima katika hospitali zetu kila wiki. Baadhi ya nchi tajiri zilikuwa zimeanza kutoa steroidi kwa nimonia kali, lakini ushahidi wao ulitoka katika vyumba vya mahututi vyenye kila kifaa, kwa wagonjwa wasiofanana na wetu. Huku kwetu palikuwa na hofu ya haki, kwa kuwa steroidi hupunguza kinga, na tunaishi na kifua kikuu na Ukimwi.

Jaribio lililopewa jina SONIA lilifanywa katika hospitali 18 za umma nchini Kenya, likawaandikisha watu wazima zaidi ya 2,000 waliolazwa kwa nimonia. Muundo wake ni uleule wa RECOVERY: ridhaa, fomu, kura, matibabu ya kawaida peke yake au pamoja na steroidi ya dozi ndogo kwa siku kumi, kisha hesabu ya walio hai. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Kufikia siku ya 30, walikuwa wamefariki asilimia 26.0 ya waliopata matibabu ya kawaida peke yake, na asilimia 22.6 ya walioongezewa steroidi. Vitanda vilikuwa ni vyetu, na wagonjwa na wauguzi vilevile, na jibu lilipatikana bila kungoja mtu wa ng'ambo atukisie.

Tayari wapo wanaoniuliza dukani kama sasa wanunue steroidi kwa ajili ya kichomi. Nawajibu kwamba waliochunguzwa walikuwa watu wazima waliolazwa, waliopimwa na daktari, wakipewa viuavijasumu na, waliohitaji, oksijeni, na kwamba jaribio halikumhusu mtoto wala mtu mwenye kikohozi anayeweza kutembea mpaka dukani. Swali la jinsi ya kuyaingiza matokeo hayo katika mwongozo wa matibabu liko mikononi mwa wizara na madaktari bingwa, nami nautarajia mwongozo huo kwa hamu, kwa sababu dawa yenyewe iko rafuni tangu zamani.